Utafiti wa Isimu Mjini: Hatua kwa Hatua, Kutoka Kuomba Nafasi hadi Kutetea Tasnifu

Nilipokwenda kwa msimamizi wangu mara ya kwanza nilikuwa na kurasa sita kuhusu "lugha na utambulisho mjini". Alizisoma zote nikiwa nimekaa mbele yake, kisha akauliza: "Katika haya yote, utahesabu nini?" Sikuwa na jibu, na miezi mitatu iliyofuata niliimaliza nikilitafuta. Mwongozo huu nimeuandika ili mwanafunzi mwingine wa uzamili alifikie jibu lake mapema kuliko mimi, na ajue la kufanya akishalipata. Anayeingia uzamivu hatua zake ni hizihizi. Kinachozidi ni kina na muda.

Nazungumzia chuo kilicho ndani ya jiji kwa sababu maalumu. Mwanaisimu wa mjini hana haja ya kusafiri ili akutane na lugha. Shirika la Endangered Language Alliance, lililoanzishwa New York mwaka 2010, limechora ramani ya lugha zaidi ya 700 zinazosemwa katika jiji hilo na viunga vyake. Majiji mengi hayana ramani ya namna hiyo, lakini ukipanda basi asubuhi ukatega sikio, utasikia data ikipita. Ugumu nao uko palepale: mjini kila mtu ametoka mahali, kila mtu ana lugha mbili au tatu, na swali la nani hasa ni "mzungumzaji wa hapa" halina jibu la haraka.

Hatua ya 1: Mtafute msimamizi kwanza, chuo baadaye

Mtaalamu wa sintaksia anayelinganisha miundo ya sentensi na mtaalamu wa fonetiki anayepima mitetemo ya sauti wanaweza kukaa jengo moja miaka ishirini wasisome hata makala moja ya pamoja. Kwa hiyo usiridhike na jina la chuo. Soma makala mbili tatu za karibuni za kila mhadhiri unayemfikiria, ukiangalia anatumia data ya aina gani: sentensi alizotunga mwenyewe, rekodi za watu, matini zilizokusanywa kwenye kompyuta, au majaribio ya maabara. Namna anavyofanya kazi yeye ndivyo utakavyofunzwa wewe.

Ukimwandikia, aya tatu zinatosha. Ya kwanza iseme wewe ni nani na umesoma nini. Ya pili itaje jambo mahususi katika kazi yake lililokugusa, na swali ambalo limekubakia. Ya tatu iulize kama anapokea wanafunzi mwaka huo. Barua inayosifu tu haijibiki. Inayouliza jambo la maana kuhusu jedwali la ukurasa fulani hujibiwa.

Waandikie pia wanafunzi wake wa sasa, uwaulize kitu kimoja: sura wakimpelekea, inarudi baada ya muda gani na ikiwa na maoni ya aina gani? Jibu la swali hilo litakufaa kuliko orodha yoyote ya ubora wa vyuo. Kuhusu ufadhili, uliza wazi unalipia nini (ada peke yake, au ada na kujikimu), kwa miaka mingapi, na unadai saa ngapi za kufundisha kwa wiki.

Katika maombi yenyewe, wengi huandika taarifa ya malengo kama wasifu wa kuipenda lugha tangu utotoni. Iache hiyo. Chukua tatizo moja dogo la kiisimu uliloligusa shahada ya kwanza, ueleze ulilishughulikiaje na ulikwama wapi. Msomaji wa maombi anatafuta mtu anayejua kukwama vizuri.

Hatua ya 2: Masomo matatu usiyakwepe

Mwaka wa kwanza una masomo ya lazima, na hayo yatajipanga yenyewe. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua fonetiki ya maabara, takwimu, na mbinu za uwandani, hata kama moyo wako uko kwenye nadharia ya sintaksia.

Hilo la mwisho nalitetea kwa nguvu zote. Darasa la mbinu za uwandani huletewa mzungumzaji mmoja wa lugha ambayo hakuna mwanafunzi anayeijua, na kwa muhula mzima mnajenga sarufi yake kutoka sifuri: mnauliza neno la "mkono", mnaliandika kwa alama za kifonetiki za kimataifa, mnauliza "mkono wangu", "mikono yetu", mnaanza kuona viambishi vinajitokeza. Wiki ya nne mnagundua kwamba mlichokiandika kama sauti moja tangu siku ya kwanza kilikuwa sauti mbili, na daftari zima linarudiwa. Kabla ya hapo nilidhani data ni kitu kinachopatikana kitabuni. Chuo cha mjini kina bahati hapa, kwa kuwa mzungumzaji anaweza kutoka kwake akafika darasani kwa nauli ya basi.

Hatua ya 3: Lipunguze swali mpaka liweze kuhesabika

Hapa ndipo tasnifu nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa.

Mwaka 1962 William Labov, akiwa mwanafunzi wa uzamili chuo kikuu cha Columbia, aliandika kazi kuhusu kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani. Hakuandika kuhusu "lugha na utambulisho kisiwani". Alichunguza irabu unganifu mbili tu, ile ya maneno kama *right* na ile ya *house*, akaangalia nani anazianzisha juu zaidi kinywani. Kwa kuzifuata irabu hizo alionesha kwamba waliojihisi wenyeji hasa na kukerwa na wimbi la watalii ndio waliokuwa wakiivuta sauti ya kisiwa. Utambulisho ulipatikana, ila ulipatikana kupitia mlango wa irabu.

Tufanye mfano wetu kwa Kiswahili, na tutaubeba hadi mwisho. Tazama sentensi hii:

Rafiki yangu mzuri amefika.

*Rafiki* ni mtu, na kitenzi kinalitambua hilo: *amefika*. Kivumishi nacho kinalitambua: *mzuri*. Lakini kimilikishi, kilichokaa ubavuni kabisa mwa nomino, kinabaki na upatanisho wa ngeli ya 9 (I-ZI): *yangu*. Hivyo ndivyo sarufi sanifu inavyotaka kwa majina ya jamaa na watu wa karibu: *baba yangu*, *dada yako*, *rafiki zake*. Ukitega sikio, hata hivyo, utasikia pia *rafiki wangu*, *kaka wangu*, *marafiki wangu*. Mtu yuleyule anaweza kutumia yote mawili ndani ya dakika tano.

Hapo pana swali. Nani anasema *yangu* na nani *wangu*, katika mazingira gani ya kisarufi? Lina maumbo mawili yanayosikika wazi. Linahesabika. Tena linagusa nadharia: mwanaisimu Greville Corbett amependekeza kwamba upatanisho wa kimaana huongezeka kadiri unavyosogea mbali na nomino, kutoka vivumishi hadi kitenzi, hadi virejeshi, hadi viwakilishi. Katika Kiswahili, ndani ya kirai kimoja, kimilikishi kinafuata umbo ilhali kivumishi kinafuata maana. Je, *wangu* inayosikika mjini ni maana ikimaliza safari yake mpaka kwenye kimilikishi? Swali dogo limegusa jambo kubwa, nawe hukuhitaji kuandika neno "utambulisho" hata mara moja.

Kabla hujalipeleka swali lako kwa msimamizi, lipime kwa mambo matatu. Unaweza kusema ni umbo gani dhidi ya umbo gani? Unaweza kueleza matokeo yatakayoonesha kwamba ulikosea? Na katika saa moja ya mazungumzo ya kawaida, maumbo hayo yatatokea mara ngapi? Hilo la tatu husahaulika sana. Kama muundo wako hutokea mara moja kwa saa, huwezi kuutafiti kwa mahojiano. Nenda kwenye matini zilizoandikwa au utengeneze jaribio.

Kwa wasiopenda kurekodi watu kabisa, jiji limeandikwa ukutani. Tangu makala ya Landry na Bourhis ya mwaka 1997, maandishi ya mitaani, yaani mabango, majina ya barabara, matangazo na vibao vya maduka, yamekuwa uwanja kamili wa utafiti. Unapiga picha kila andiko la barabara mbili zilizochaguliwa kwa sababu inayoelezeka, unaainisha lugha, nani aliyeliweka, lugha ipi iko juu na ipi ina herufi kubwa. Inawezekana kabisa kwa muda wa uzamili. Amua tu mapema kipi kinahesabika kuwa "andiko moja", maana duka moja linaweza kuwa na vibao tisa.

Hatua ya 4: Mapitio ya kazi tangulizi

Fupi: usisome kila kitu. Soma kazi kumi kwa kina, na kwa kila moja andika mistari minne: waliuliza nini, walitumia data ya nani, walipata nini, na nini hakikushughulikiwa. Pengo linalokuhusu litajitokeza kwenye mstari wa nne. Sura ya mapitio inayopanga majina ya waandishi kama orodha ya mahudhurio ("fulani anasema, fulani naye anasema") huchosha msomaji. Ipange kwa hoja, majina yaje nyuma yake.

Hatua ya 5: Kibali na ridhaa

Kamati ya maadili huchukua muda, na mara nyingi hurudisha maombi ya kwanza ili yarekebishwe. Peleka maombi mapema, wakati bado unaboresha maswali yako. Watataka kuona hojaji, fomu ya ridhaa, na mpango wa kutunza rekodi.

Fomu ya ridhaa iandike kwa lugha ambayo mhojiwa anaisoma bila kukuuliza. Iseme unarekodi nini, nani atasikia, utafuta lini au utahifadhi wapi, na kwamba anaweza kuacha wakati wowote bila kutoa sababu. Tenganisha ruhusa: kurekodiwa ni jambo moja, sauti yake kuchezwa kwenye kongamano ni jambo la pili, kuwekwa katika hifadhi ya kudumu ni la tatu. Mtu anaweza kukubali la kwanza akakataa mengine mawili, na ni haki yake.

Huhitaji kumwambia mhojiwa kwamba unasikiliza *yangu* na *wangu*. "Natafiti jinsi watu wa jiji hili wanavyozungumza" ni kweli tupu na inatosha kwa kuanzia. Ukimaliza kurekodi, mweleze kwa undani na umuulize tena kama bado anaridhia. Mimi wote waliridhia, na wengi walicheka, wakaanza kujisikiliza palepale.

Hatua ya 6: Kuwapata watu

Zipo njia mbili zenye heshima, na jiji linakulazimisha uchague.

Ya kwanza ni kupanga sampuli kwa vikundi. Peter Trudgill, katika kazi yake kuhusu Norwich, Uingereza, iliyochapishwa mwaka 1974, alitumia watu 60 wa matabaka tofauti ya kijamii. Kwa uzamili watu 30 wanatosha: jinsia mbili, rika tatu, watu watano kila kisanduku. Uzuri wake ni kwamba unaweza kulinganisha. Ubaya wake ni kwamba unaingia kwa watu kama mgeni.

Ya pili ni mtandao wa kijamii. Lesley Milroy alipotafiti Belfast, katika mitaa mitatu ya wafanyakazi, aliingia kama rafiki wa rafiki. Alipokewa kama mtu anayejulikana, akapata mazungumzo ambayo mtafiti mwenye kishikwambi na kitambulisho cha chuo asingeyapata. Aligundua pia kwamba uzito wa mtandao wenyewe, yaani mtu anafungamana kiasi gani na majirani na wafanyakazi wenzake, unaeleza namna anavyotamka.

Mimi naegemea kwa Milroy, hasa mjini. Anza na mtu mmoja anayekuamini, akupeleke kwa wawili. Ila weka kikomo: mnyororo mmoja usizidi watu watano au sita, na uwe na minyororo angalau mitano inayoanzia sehemu tofauti za jiji. La sivyo utakuwa umetafiti ukoo mmoja na kuuita jiji.

Na usiwachukue wanafunzi wenzako kwa sababu tu wako karibu. Wamepita miaka mingi chini ya kalamu nyekundu ya mwalimu wa sarufi, na swali lako ni hasa kuhusu kile kinachotokea kalamu hiyo isipokuwepo.

Kwa kila mhojiwa andika: alizaliwa wapi, alifika jijini akiwa na umri gani, anatumia lugha zipi, na nani, wapi. Usiandike "lugha ya kwanza" peke yake. Mtu aliyelelewa na bibi kwa lugha moja, akacheza mtaani kwa nyingine na kusoma kwa ya tatu hatoshei kwenye nafasi moja ya fomu.

Hatua ya 7: Waache waseme bila kuwauliza

Kishawishi kikubwa ni kuuliza moja kwa moja: "Wewe unasema rafiki yangu au rafiki wangu?" Jibu utakalopata ni la darasani. Trudgill aliwauliza watu wa Norwich wanavyotamka maneno fulani, akalinganisha na rekodi zao wenyewe. Wanawake wengi walidai kutumia matamshi yenye hadhi kuliko waliyotumia kweli, na wanaume wengi walidai kinyume chake. Hawakuwa wanadanganya. Walikuwa wanaeleza wanavyotaka kusikika, na hiyo ni data nzuri ya swali lingine.

Njia bora ni kutengeneza mazungumzo ambayo umbo lako halina budi kutokea. Mfano uliokamilika kuliko yote ninaoujua ni wa Labov, New York, Novemba 1962. Aliingia katika maduka makubwa matatu yenye hadhi tofauti, Saks, Macy's na S. Klein. Alitafuta kwanza bidhaa gani ziko ghorofa ya nne, kisha akawauliza wafanyakazi ziko wapi. Jibu halikuwa na njia nyingine: *fourth floor*, maneno mawili, kila moja likiwa na nafasi ya sauti /r/. Akajifanya hakusikia, mtu akarudia kwa mkazo. Watu 264 walijibu. Waliotamka /r/ walau mara moja walikuwa asilimia 62 Saks, 51 Macy's, na takriban 20 S. Klein. Hakuna aliyejua anatafitiwa matamshi. Leo kamati ya maadili ingekuwa na maswali kwa kazi isiyo na ridhaa, hata kama hakurekodi sauti na aliandika tu pembeni. Lakini fundisho lake la kiufundi limebaki.

Kwa mfano wetu, swali kama "Ulikua na nani nyumbani?" litaleta *baba yangu*, *kaka yangu*, *shangazi yangu* kwa wingi. "Nani alikuwa rafiki wa kwanza uliyempata hapa jijini?" litaleta marafiki, lakini angalia: swali lenyewe halina kimilikishi. Ukisema "rafiki yako" umeshampa mhojiwa umbo, naye atakurudishia. Nilipitia rekodi zangu tatu za mwanzo nikakuta kila *yangu* inafuata *yako* yangu mwenyewe. Rekodi hizo zote niliziweka kando.

Maswali ya hisia husaidia kuliko ya maoni. Labov aliuliza watu kama wamewahi kufika mahali pa kudhani kwamba sasa wanakufa. Anayesimulia jambo kama hilo husahau kinasa sauti. Tumia busara, na ukiona simulizi linamuumiza mtu, zima mashine.

Kuhusu mashine: rekodi kwa faili za WAV, kilohezi 44.1, biti 16. Kwa chaneli moja saa nzima ni kama megabaiti 317, na hilo si tatizo siku hizi. Usirekodi kwa mfumo unaobana sauti, maana kinachotupwa hakirudi. Kipaza sauti kidogo cha kubana kifuani kinashinda kikubwa cha mezani, kwa kuwa mjini adui yako ni kelele: feni, jokofu, gari, jirani. Kabla ya kuanza, nyamazeni wote kwa sekunde thelathini huku unasikiliza kwa spika za masikioni. Masikio yameshazoea mvumo wa jokofu, mashine haijazoea. Ukitoka hapo, nakala mbili siku hiyohiyo, sehemu mbili tofauti.

Fanya kwanza jaribio la watu watatu, unukuu, uhesabu. Kama kila mmoja amekupa matukio kumi na zaidi, endelea. Kama ni mawili matatu, badilisha maswali kabla hujawachosha watu 27 waliobaki.

Hatua ya 8: Unukuzi na kuainisha

Panga muda. Saa moja ya mazungumzo ilinichukua saa nane mpaka kumi kuinukuu, na ya watu wawili wanaokatizana ilizidi hapo. ELAN, programu ya bure kutoka taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi, inakuwezesha kufunga kila mstari wa maandishi na sekunde yake ya sauti. Ukitaka kupima sauti yenyewe, Praat ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam ndiyo inayotumiwa karibu kila maabara. Kumbuka tu kubadili kikomo cha fomanti, yaani vilele vya mwangwi wa kinywa vinavyotofautisha irabu: kwa kawaida hezi 5500 kwa wanawake na 5000 kwa wanaume. Ukiacha mpangilio mmoja kwa wote, irabu zako zitaonekana zimehama ilhali hazijahama.

Mifano itakayoingia kwenye tasnifu igawe mofimu kwa mofimu, kwa kanuni za Leipzig, mstari chini ya mstari:

rafiki y-angu m-zuri a-me-fik-a
9.rafiki 9-angu 1-zuri 1-TIMILIFU-fika-KIISHIO

Kisha inakuja kazi inayotenganisha utafiti makini na wa haraka: kuamua kipi kinahesabika. Katika mfano wetu nilikutana na haya. *Babangu*, *mamangu*, *dadangu*: hapa kiambishi cha ngeli kimemezwa, huwezi kujua kama ni y- au w-. *Mkewe*, *mumewe*, *nduguye*: maumbo yaliyokwisha kuungana. *Wazazi wangu*, *mwalimu wangu*: ngeli ya 1/2 (A-WA) halisi, hakuna la kuchagua. *Daktari wangu*, *bosi wangu*: watu wasio na kiambishi cha m- lakini si jamaa, je, wanakwenda njia moja na *rafiki*? Mtu anayenukuu maneno ya mwingine: ni *yangu* ya nani?

Hakuna jibu la mbinguni kwa haya. Lipo jibu lako, lililoandikwa kabla ya kuhesabu, lenye sababu. Mimi niliyatoa maumbo yaliyoungana na ya ngeli ya 1/2, nikayaacha ya *daktari* kama kundi la peke yake, na maneno ya kunukuu nikayatia alama. *Babangu* nayo niliihesabu kando, kwa sababu anayesema *babangu* daima amelikwepa swali zima, na kukwepa huko kunaweza kuwa na mpangilio wake.

Mpe mtu mwingine asilimia kumi ya data aainishe bila kuona yako, kisha mlinganishe. Kipimo cha Cohen kiitwacho kappa kinakuonesha makubaliano yenu yamezidi bahati kwa kiasi gani. Mkitofautiana sana, mwongozo wako wa kuainisha haueleweki, uandike upya.

Hatua ya 9: Kuhesabu

Anza na jedwali na mchoro, si modeli. Asilimia ya *wangu* kwa kila mtu, mmoja mmoja, ukiwapanga kwa umri. Mara nyingi jambo kubwa linaonekana hapo kwa macho.

Hatari iliyopo ni hii. Watu 30 wakikupa matukio 12 kila mmoja, una 360. Lakini si vitu 360 vinavyojitegemea. Ni watu 30. Dada mmoja mwenye maneno akikupa 40 peke yake, tabia yake inaweza kuonekana kama tabia ya rika lake lote. Ndiyo maana tunatumia modeli mseto katika programu ya takwimu iitwayo R, zinazompa kila mzungumzaji na kila nomino kiwango chake cha kuanzia. Kama takwimu zinakutisha, nenda kwa mshauri wa takwimu wa chuo kabla ya kukusanya data. Ukienda baada ya kukusanya, mara nyingi atakachoweza kukupa ni pole.

Ukikuta hakuna tofauti ya umri wala jinsia, andika hivyo. Lakini rudi kwanza kwenye nomino. Pengine watu wote ni sawa ila *marafiki* na *rafiki* havifanani, na hapo jibu liko ndani ya sarufi, si katika jamii.

Hatua ya 10: Kuandika, kutetea, kukabidhi

Anza na sura ya mbinu, uiandike wakati bado unakusanya, maana baada ya mwaka hutakumbuka kwa nini ulimwacha mhojiwa wa tisa. Kisha matokeo, kisha mjadala, kisha mapitio uyarekebishe yaendane na ulichopata. Utangulizi mwisho. Mpelekee msimamizi sura moja moja, na juu ya kila sura andika mistari mitatu: nini kimebadilika, wapi una wasiwasi, unataka akusaidie nini.

Kwenye utetezi, maswali magumu huwa ya kawaida kabisa. Kwa nini watu hawa? Kwa nini uliyatoa haya? Nini kingekufanya ubadili hitimisho? Jizoeze kuyajibu mbele ya mtu asiye mwanaisimu, na uwe na mfano mmoja wa sauti tayari kucheza, kutoka kwa aliyeruhusu hilo kwenye fomu.

Ukishafaulu, kabla hujafunga kompyuta: weka pamoja nukuzi, jedwali la uainishaji, mwongozo wake, na faili ya maelezo inayosema kila safu ina maana gani. Ondoa majina, ya wahojiwa na ya waliotajwa na wahojiwa. Majina ya faili yajieleze, kwa mfano M07_mke_34_simulizi.wav. Fungua fomu za ridhaa, uzipitie moja moja: za kuhifadhi zihifadhi, za kufuta zifute tarehe ile uliyoahidi. Kisha wapigie simu watu wako uwaambie ulichokikuta. Mhojiwa wangu wa kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Sasa mimi na mdogo wangu tumeanza kuhesabiana." Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Umesikia? Nimesema *wangu*." Nikamkumbusha kwamba *mdogo* ni ngeli ya kwanza, haihesabiki.